Hukuwa Injinia, Baba Melania

Mwaka umetimia, Volkmar, tangu ulipotutoka, na neno la kwanza ambalo familia yako inataka kulisema mbele za watu ni kwamba hukuwa injinia. Waliokuzika wakiamini hivyo watusamehe. Wewe ulikuwa mbunifu wa majukwaa ya maigizo. Ulibuni zile nyumba, misitu, magereza na makasri ambayo waigizaji husimama mbele yake, watazamaji wakayaona kwa jioni chache, kisha yakabomolewa. Kazi hiyo ndiyo iliyokulisha na kutulisha sisi, ndiyo iliyomsomesha Melania. Tumechelewa kuisema, na aibu ya kuchelewa ndiyo iliyotufanya tuandike kumbukumbu ndefu kuliko ilivyo desturi.

Tuanze na yale yasiyo na ubishi. Ulikuwa mtu wa kuwahi. Tukialikwa sherehe ya saa kumi na mbili, wewe saa kumi na moja umeshavaa, umekaa sebuleni na funguo za gari mkononi, na sisi wengine tunajua sherehe yenyewe itaanza saa tatu. Miaka yote uliyokaa na Watanzania hukujifunza, au ulijifunza ukakataa. Ugali ulikula kwa uma na kisu. Mtori, ile supu yetu nzito ya ndizi na nyama, uliuomba kila Jumamosi. Kila ukuta uliopita karibu nao uliugonga kwa kifundo cha kidole usikie ndani yake mna nini, hospitalini, dukani, hata kanisani, mpaka siku moja Padri akakuuliza kama kuna mtu unamtafuta.

Kila Jumatatu alfajiri uliondoka nyumbani Irving, hapa Texas, kwenda Houston kazini, Ijumaa ukarudi na ile mikate ya Kicheki yenye jamu ndani uliyokuwa ukiinunua njiani. Ulisema inafanana na ya baba yako. Mkeo Flaviana alipokuwa akifanya shifti za usiku hospitalini, ulikata kadibodi nyeusi ukaiingiza kwenye madirisha ya chumba chenu, ikakaa sawasawa bila kuacha upenyo, ili mama alale mchana kama watu wanavyolala usiku. Akiamka hakujua kama ni asubuhi au magharibi. Ulikuwa ukimgongea mlango na kumwambia, kwa Kiswahili chako cha kupanga neno moja moja, "Mama Melania, sasa ni saa kumi, na jua lipo." Hakuna mwingine aliyewahi kumwamsha vizuri hivyo.

Ulizaliwa Zittau, mji mdogo mashariki ya Ujerumani, baba yako akiwa mwokaji mikate. Ukiwa bado kijana ulianza kupaka rangi mapazia makubwa ya nyuma ya jukwaa katika ukumbi wa maigizo wa mji wenu. Ukapelekwa kusomea kazi hiyo Dresden, ukafanya kazi katika kumbi kadhaa, ukawa na jina. Ujerumani mbili zilipoungana kumbi nyingi zilikosa fedha, na wa kwenu ukafungwa. Ukaitwa Houston kubuni jukwaa la onyesho moja tu. Lile moja likazaa la pili, la pili likazaa maisha mazima. Hayo ndiyo mambo yaliyopaswa kusomwa siku ya mazishi yako, na hayakusomwa.

Flaviana alikutana nawe ukiwa umeanguka kutoka kwenye ngazi, mkono wa kulia umevunjika. Yeye alikuwa nesi wa wodi. Ulimwomba penseli ukaanza kuchora kwa mkono wa kushoto kwenye kitambaa cha karatasi cha kufutia mdomo, naye akakugombeza kwa kuwa ulitakiwa upumzike. Alipomaliza kukugombeza ulimwonyesha: ulikuwa umemchora yeye, mikono kiunoni, mdomo wazi. Alicheka na bado anasema hakupaswa kucheka, kwa sababu baada ya pale mambo yalikwenda mbio.

Sasa tunafika kwenye aibu yenyewe, na tutaieleza kama ilivyokuwa, maana Flaviana mwenyewe ametuomba tusiipunguze.

Baba yake Flaviana, Mzee Celestine wa Rombo, ni bwana shamba mstaafu. Aliuza kahawa na ng'ombe kumsomesha binti yake, na kila mtu kijijini anajua. Binti za ndugu zake waliolewa na daktari na hakimu, na sherehe zao zilisimuliwa kwa miaka. Flaviana alipopiga simu kusema amepata mchumba Mjerumani, mzee aliuliza swali ambalo baba yeyote angeuliza: anafanya kazi gani? Flaviana alikuwa na jibu la kweli mdomoni. Akawaza namna ya kumweleza mzee kwamba mtu mzima mwenye mvi hujenga nyumba zisizo na mgongo, kisha huzibomoa, na kwamba watu hulipa kuzitazama. Akaona mzee atamwona mchumba kama fundi wa mapazia, na wale wa kijijini watacheka. Akasema, "Ni injinia, baba."

Alikwambia mkiwa ndani ya ndege kwenda kuoana. Ulicheka kwanza, ukidhani ni mzaha. Kisha ukauliza kwa nini, kama kazi yako ni mbaya. Akasema si mbaya, haielezeki tu kwa simu. Ukauliza uwe injinia hadi lini. Akasema mpaka harusi iishe. Ukasema sawa. Harusi iliisha, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikanywewa mpaka mtungi wa mwisho, mkarudi Texas, na Flaviana hakukuambia tena kwamba sasa unaweza kuacha.

Uongo ukipewa kiti huomba na mto. Mwanzoni cheo kilikuwa cha Rombo peke yake. Halafu Rogers, mdogo wake Flaviana, akahamia Plano, mji wa jirani na Irving, kufanya kazi ya ofisi, akaja nacho. Yeye alikisikia kwa baba, hakuwa na sababu ya kukishuku. Kwenye jumuiya ya Watanzania ukawa Injinia. Kwenye misiba, ubatizo na harambee, "Injinia, karibu meza ya mbele." Uliinuka ukaenda, umenyooka, umevaa ile suti ya kijivu, ukakaa pembeni ya madaktari ukala kuku wako kwa adabu. Hukuwahi kusema neno la kujisifu na hukuwahi kumkana mkeo mbele za watu. Flaviana alikuwa akikutazama kutoka meza ya kina mama, akijiambia kwamba kama ingekuuma ungesema.

Kuna siku Mwenda, mfamasia wa Kikenya anayeishi Katy, pembeni ya Houston, alikuomba ukaone nyumba yake. Ilikuwa mpya na ukuta umeshaanza kupasuka, kama zinavyopasuka nyingi kule kwa sababu ya udongo. "Injinia, cheki tu, uniambie kama nimeuziwa mbuzi kwa gunia," alisema. Ulikwenda pamoja na Flaviana, maana hukujua kukataa. Uligonga ukuta, ukasikiliza, ukagonga tena. Kisha ukamwambia, "Huu ni ukuta wa kweli. Mimi ya kweli siijui. Tafuta mtu wa misingi." Mwenda aliona ni unyenyekevu wa msomi. Alisimulia habari hiyo kila mahali na heshima yako ikapanda, na Flaviana akatamani zulia la watu wa Katy limmeze.

Tena kuna lile la send-off ya Lydiah, binti wa jirani yetu. Ukumbi ulikuwa umepambwa vibaya, vitambaa vimelegea, na taa ya kijani ilimpiga bibi harusi mtarajiwa usoni akaonekana mgonjwa wa manjano. Sisi hatukuona kitu. Wewe ulishindwa kula. Ulitafuta ngazi, ukavua koti, ukapanda kuigeuza ile taa, na watu waliokuwa karibu wakaanza kuona uso wa binti unarudia rangi yake. Flaviana akaja mbio, akakushika mguu wa suruali.

"Shuka, Baba Melania," alisema kwa sauti ya chini. "Injinia hapambi ukumbi. Watu wanaangalia."

Ulimtazama kutoka kule juu. Ukairudisha taa ilivyokuwa, ukashuka, ukavaa koti. Lydiah ana watoto wawili sasa na katika picha zote za siku ile bado ni wa kijani. Flaviana alipoziona mwezi uliopita alilazimika kutoka nje ya nyumba ya watu akasingizia simu.

Mahali pa kazi yako Flaviana alifika mara moja tu, Melania akiwa mdogo. Alikuwa ametoka shifti. Ulimpa kiti cha safu ya mbele, taa zikazimika, naye akalala, na si kulala tu, alikoroma pale ambapo mwanamke wa kwenye mchezo anakufa kimya. Ulipoulizwa na wenzako ulisema huyo ndiye mtazamaji pekee aliyejisikia yuko nyumbani. Tangu siku hiyo ukimwalika alisema ana shifti. Mara nyingine alikuwa nayo kweli.

Moyo wako ulisimama Houston, mchana, ukiwa kazini. Aliyekupeleka hospitali na kukaa nawe ni Abigail Cheruiyot, fundi seremala mkuu wa karakana yenu, mwanamke wa Kericho, Kenya. Tulikuwa tunalisikia jina hilo kwako, ukisema ndiye aliyekurekebishia Kiswahili mchana kutwa mkipiga misumari. Flaviana alikuwa barabarani anakuja. Foleni ya magari ilimshika njiani, Huntsville, na alipofika Abigail alikuwa bado ameshika mkono wako, ingawa wewe ulikuwa umeshakwenda.

Na huyu ndiye tuliyemweka nyuma. Siku ya mazishi kanisa lilijaa, na waliopanga viti hawakuwatambua wale watu wa Houston waliokuja na viatu vyenye madoa ya rangi. Wakasimama ukutani mlangoni. Rogers ndiye aliyeshika maikrofoni. Ana sauti nzuri, sote tunajua, na alisoma wasifu wako kwa majonzi ya kweli: "Marehemu Injinia Volkmar Tiedemann alishiriki ujenzi wa majengo makubwa Ujerumani na hapa Texas." Watu walitikisa vichwa kwa heshima. Abigail alitoka nje. Tulidhani amezidiwa na kilio. Baadaye tulijua alikwenda kusoma tena lile bango la mlangoni lenye picha na jina, aone kama ameingia msiba wa mtu mwingine.

Melania, binti yako, alikuwa safu ya mbele kati ya mama na mjomba. Alipomwona Abigail anarudi, aliinuka. Akatembea katikati ya kanisa mbele ya macho ya watu wote, akaenda kusimama ukutani pamoja na watu wa karakana mpaka mwisho wa misa. Mama yake aligeuka mara moja tu kumtazama, na hakuweza kugeuka tena.

Wakati wa chakula Abigail alifika kwenye meza ya pilau, na aliyekuwa anapakua ni Flaviana mwenyewe, maana alikataa kukaa. Abigail akampa pole. Kisha akauliza kwa upole kabisa.

"Samahani, mama. Huyu engineer alikuwa nani? Mimi nilidhani nimeingia mazishi ingine."

Hapo palikuwa na nafasi, Volkmar. Kaburi lako lilikuwa bado bichi na hakuna ambaye angemlaumu mjane kwa kusema kweli. Flaviana alisema, "Ni heshima tu. Kwetu mwanaume aliyesoma tunamwita hivyo." Akaongeza nyama kwenye sahani ya Abigail, akaongeza tena, mpaka mchuzi ukamwagika. Abigail akashukuru, akaenda kula kwa kusimama.

Miezi ikapita nyumba ikiwa na ubaridi ambao kiyoyozi hakihusiki nao. Melania alimjibu mama yake kwa Kiingereza, tena kifupi. Halafu Abigail akapiga simu: karakana inampokea mbunifu mpya, vitu vyako vinatakiwa kuchukuliwa. Mama na binti wakaenda Houston pamoja.

Flaviana alitegemea kukuta makoti na vikombe. Abigail aliwapeleka kwenye rafu ndefu zenye majukwaa yako yote, lakini madogo. Kila jukwaa ulilijenga kwanza kwa kadibodi na gundi, dogo la kukaa mezani, ndipo maseremala walikuze. Kulikuwa na ikulu, msitu wa miti mieusi, bandari, jela yenye ngazi zisizofika popote. Na ndani ya kila moja alisimama mtu mdogo wa kadibodi, urefu wa kidole cha shahada. Kazi yake ni kuonyesha ukubwa, ili seremala ajue mlango huu ni mrefu kiasi gani kwa mwanadamu. Abigail alisema wabunifu wote huweka mtu kama huyo, na kwa kawaida ni mwanaume tu asiye na sura.

Wako alikuwa mwanamke. Alikuwa na viatu vizito vya manesi, mkoba begani, khanga imefungwa kiunoni juu ya sare ya hospitali, na mikono kiunoni.

"Ni wewe huyu," Abigail alisema. "Hapa hatukuwa tunapima na futi. Mzee alikuwa anasema, mlango uwe Flaviana moja na nusu. Ukuta, Flaviana tatu. Vijana wengine walidhani ni kipimo cha Ujerumani. Mimi nimekupima miaka kumi na nne, mama, na leo ukisimama karibu na hizi ndio naona wewe si mrefu hivyo."

Flaviana aliinama kutazama jukwaa moja, la pili, la tatu. Alikuwemo katika yote. Mtu aliyeona haya kusema jina la kazi yako alikuwa amesimama ndani ya kazi hiyo kila siku, na watu wasiomjua walikuwa wakilitaja jina lake asubuhi hadi jioni wakikata mbao. Alitafuta mahali pa kukaa, akakaa kwenye ndoo ya rangi. Alilia kwa aibu, anasema, si kwa huzuni. Huzuni alishaizoea, hii ilikuwa nyingine. Melania alichuchumaa pembeni yake na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akamwita mama kwa Kiswahili.

Kwetu Rombo, mtu akimkosea mwenziwe kosa ambalo maneno hayalifikii, hukata jani la isale, akalifunga fundo, akamtuma mtu alipeleke. Aliyepelekewa isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Ni mmea ule ule tunaoupanda kwenye mipaka na makaburini. Hapa Irving wanauuza kwenye vyungu kama pambo la ofisi, watu wanauweka kando ya mashine ya kahawa na hawajui walichonacho. Flaviana alinunua chungu kizima. Alikata jani, akalifunga fundo, akamkabidhi Melania alipeleke Houston kwa Abigail, alipokee kwa niaba yako na ya wenzako wote.

Melania alieleza desturi hiyo kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, maana aliona Kiingereza hakitatosha. Abigail alilishika lile jani kwa mikono miwili. Alisema hana kesi na mama. Lakini kama ni kusamehe kwa kweli, basi siku ya kuweka jiwe la kaburi, mama aseme mwenyewe mzee alikuwa nani, mbele ya watu wale wale, na aseme na mic, kwa sababu ule uongo pia ulisemwa na mic.

Rogers alikuwa ameshaagiza jiwe. Alipoambiwa alishika kichwa. "Dada, ile stone nisha-approve, wameshaandika Injinia. Na mimi ndiye niliyesoma pale mbele. Sasa watu watatuonaje?" Flaviana akamwambia watatuona tulivyo. Rogers alizunguka sebule akinung'unika kwamba angalau angeambiwa mapema asingejitia aibu kwa sauti nzuri hivyo. Kisha akachukua simu akapiga kwa mchonga mawe. Shemeji yako, pamoja na yote, ana moyo mzuri.

Siku ya jiwe walikuja wale wale. Safari hii Abigail na watu wa karakana walikaa mbele, kwenye viti vya kukunja, na Melania katikati yao. Padri akabariki. Flaviana akapokea maikrofoni. Alikuwa amejiandaa, lakini makaburi ya Irving yako chini ya njia ya ndege, na alipofika kwenye neno lenyewe ndege ikapita chini kabisa ikielekea uwanjani. Watu waliona midomo tu. Mama mmoja wa nyuma akauliza kwa sauti, amesemaje? Basi ikabidi arudie, polepole, kukiwa kimya kabisa.

"Nimesema mume wangu hakuwa injinia. Mimi ndiye niliyemwita hivyo, kwa sababu niliona haya kwa kazi yake. Alikuwa anabuni majukwaa ya maigizo. Alijulikana kwao, na alijulikana Houston. Kwetu hakujulikana kwa sababu nilimficha."

Hakuna aliyepiga makofi, na haikuwa siku ya makofi. Wapo walioinamisha nyuso, wapo walioanza kunong'ona, na tunajua kundi la WhatsApp lilichemka hadi Jumatano. Mwenda peke yake alisema, "Sasa naelewa ile maneno ya ukuta," na watu wa karakana wakacheka, kisha wengine nao kidogo. Lydiah alikuja akamshika Flaviana mkono. Jiwe lilifunuliwa. Limeandikwa jina lako, Zittau na Irving, na chini yake: Mbunifu wa Majukwaa.

Watu walipokwenda kula, Flaviana alibaki kwenye gari. Lilikuwa limebaki moja, na ndilo aliloliogopa tangu siku ile ya kwanza. Kule Rombo ilikuwa tayari usiku na Mzee Celestine alikuwa akingoja simu ya kuambiwa jiwe limekaaje. Flaviana alimwambia lilivyokaa. Kisha akamwambia lilivyoandikwa na kwa nini. Alieleza yote, simu ya kwanza, ndege, harusi, meza za mbele, taa ya Lydiah, wasifu. Mzee hakumkatiza.

"Mkwe wangu nilimlilia siku saba," mzee alisema. "Nilimlilia injinia. Kumbe huyo hakuwepo."

Flaviana akasema, "Nisamehe, baba."

"Hilo litakuja. Kwanza kaa sawasawa unipe taarifa ya msiba upya, maana sijapewa. Niambie, mwanangu, ni nani aliyetufia?"

Flaviana akaanza na Zittau, na tanuri la mikate la baba yako.

Unakumbukwa na mkeo Flaviana. Binti yako Melania. Shemeji yako Rogers na familia yake wa Plano. Baba mkwe wako Mzee Celestine wa Rombo, ambaye ameyaanza matanga yako upya. Dada yako Irmgard wa Zittau. Na Abigail Cheruiyot pamoja na wenzako wa karakana ya Houston, ambao tumewaandika hapa kama ndugu kwa kuwa ndivyo walivyo.

Tutakukumbuka daima, Volkmar, na safari hii ni wewe mwenyewe.